Chai Nzito na Damu Isiyopanda

Daktari alisema hawezi kumpasua dada yangu mpaka damu yake ipande. Alisema huku akiandika, hakuinua kichwa, na dada akayapokea maneno hayo kama mtu aliyeambiwa buchani kwamba nyama imekwisha.

"Basi nitarudi," alisema.

Tukatoka. Kwenye ngazi alishika ukuta kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Tulipofika chini akaniambia anakwenda kazini. Saa ya chai ya mchana ilikuwa inakaribia, na pale kazini hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kuipika ikakubali.

Dada yangu alikuwa mpika chai. Alifanya kazi kwenye kaunta ya vinywaji katika ukumbi wa chini wa jengo la maofisi, kati ya lifti na mlango wa vioo. Nyuma yake kulikuwa na jiko la gesi, sinki, na mashine ya kahawa iliyokoroma kama mtu mwenye mafua. Ubaoni kulikuwa na vinywaji vingi, lakini watu walishuka ghorofa zote zile kwa ajili ya kimoja tu: chai ya maziwa yenye viungo, iliyomiminiwa kikombe kidogo cha kahawa ya mashine, ile nyeusi nzito inayoitwa espreso.

Mwenye kaunta ndiye aliyekiona kinywaji hicho mahali fulani safarini, akarudi nacho pamoja na jina lake.

"Huko wanaiita chai chafu," alimwambia dada. "Tuandike hivyo hivyo. Watu wanapenda vitu vya kuchekesha."

"Bosi, mimi niamke, nioge, nivae aproni safi, halafu nije kuuza uchafu? Andika ukitaka, ila utaipika mwenyewe."

Ikaandikwa Chai Nzito. Na dada naye akaanza kuitwa Nzito, ingawa alikuwa mwembamba kiasi kwamba wateja walimtania asipite karibu na feni. Jina likamkaa. Hata mlinzi wa mlangoni hakulijua lake la kweli mpaka siku tuliyolisoma kwenye ibada ya mazishi.

Niliwahi kukaa naye pale nikamwona anavyofanya. Alitwanga tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na chembe za pilipili manga, akavichemsha kwanza kwa maji matupu mpaka harufu ifike kwenye lifti. Ndipo akatia majani, kisha maziwa yasiyopunguzwa mafuta, kisha sukari. Kahawa ilikuja mwisho, kikombeni, moto ukiwa umeshazimwa, maana ikichemka pamoja na maziwa huwa chungu. Kabla ya kummiminia mteja wa kwanza alidondosha kidogo kwenye kiganja cha mkono, akaonja kwa ulimi, akatikisa kichwa au akaongeza kitu. Sufuria lisiloonjwa halikutoka.

Chai alifundishwa na mama. Mama yetu aliuza chai kwenye geti la kiwanda cha mbao tangu sisi wadogo, na chai hiyo ndiyo iliyotulea. Ilitulea kwa kila namna. Nyumbani kwetu dawa haikumezwa kwa maji. Mama aliamini maji yanamkatisha mgonjwa tamaa, kwamba tumbo linalopokea kitu kichungu linahitaji kitu cha moto na kitamu cha kulibembeleza. Mtoto akiugua malaria, kidonge na chai. Akiumwa kichwa, kidonge na chai. Nilipokwenda shule ya sekondari ya bweni nikaona wenzangu wanameza dawa kwa maji ya bomba, niliwaonea huruma kama watoto waliotelekezwa.

Basi dada alipopewa vidonge vya kuongeza damu, hakuna aliyejiuliza vitamezwa na nini.

Uvimbe ulikuwa kwenye kizazi. Ulikuwa umekaa miaka, ukamkimbiza mume ambaye hakuwa na subira ya kungoja mtoto, na sasa kila mwezi ulikuwa unamtoa damu kama bomba lililopasuka. Alivaa sketi nyeusi tu. Kanisani, yeye aliyekuwa sauti ya pili ya kwaya, alihamia benchi la nyuma kabisa karibu na mlango ili aweze kutoka bila kugeuziwa macho. Kazini alijikaza kisabuni. Macho yakizunguka alijitengenezea Chai Nzito, akainywa kwa haraka amesimama, akarudi kuwa Nzito wao.

"Inanishika," aliniambia. "Bila hii ningekuwa chini ya kaunta saa hizi."

Alisema kweli. Ilimshika. Iliua pia njaa yake, kwa hiyo chakula nilichomfungia asubuhi kilirudi jioni kama kilivyokwenda.

"Umekula?" ningemuuliza.

"Nimekunywa."

"Nimeuliza umekula, Dada."

"We mtoto, kikombe kile kina maziwa, kina sukari, kina viungo vitano. Hicho siyo chakula? Wewe unayeshona sare za shule ndiyo utanifundisha mimi mambo ya jikoni?"

Tuliporudi kwa daktari mara ya kwanza, damu ilikuwa pale pale. Mara ya pili ilikuwa imeshuka. Daktari aliuliza kama anameza vidonge. Dada akamwonyesha pakiti iliyobaki matundu. Hakukosa hata kimoja. Mama alikuwa akimwekea asubuhi kwenye sahani ndogo kando ya kikombe, na cha mchana alikimeza kazini kwa chai yake mwenyewe. Daktari akabadilisha vidonge, akampa vya kampuni nyingine, akasema ale vizuri.

Nikaanza kununua maini. Nikapika maharage, mchicha, kisamvu, kila kitu ambacho mtu yeyote aliniambia kinaongeza damu. Jirani akasema rozela, nikachemsha rozela. Fundi mwenzangu wa cherehani akasema kiazi chekundu kile cha saladi, nikakisaga mpaka vidole vyangu vikawa kama vya mchinjaji. Dada alikula vijiko vitatu vinne kuniridhisha, kisha akaviteremsha kwa chai.

Na niliomba. Sijui kama msomaji amewahi kuomba mpaka maneno yakamwishia. Nilikuwa napiga magoti kando ya cherehani, nafumba macho, na kitu pekee kilichotoka kilikuwa ni neno hilo moja, damu, damu, kama ninamwita mtu aliye chumba cha pili.

Akina mama wa maombi wakatangaza mfungo kwa ajili yake. Dada akasema atafunga nao.

"Wewe ni mgonjwa, usifunge," mwenyekiti wao alimwambia. "Sisi tutafunga kwa niaba yako."

"Siwezi kuwaacha mkae na njaa yangu peke yenu. Nitafunga. Ila chai nitakunywa. Chai si chakula."

"Chai yako wewe? Ile ambayo sisi tukipita nje ya jengo tunashiba kwa harufu?"

Wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Hata mimi nilicheka. Akiulizwa kama amekula, chai ilikuwa chakula. Ukifika mfungo, chai haikuwa chakula. Tulimwona mjanja tu, na tukamwombea.

Aliyetufumbua macho ni mteja. Ghorofa ya pili ya lile jengo kulikuwa na ofisi ya afisa lishe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, ambaye wote walimwita Bibi Lishe. Yeye naye alikuwa mtumwa wa Chai Nzito, ila ya kwake bila sukari. Siku hiyo mimi nilikuwa pale, nimempelekea dada chakula mwenyewe ili nimwone anakula. Bibi Lishe alikuwa anasubiri kikombe chake. Dada akatoa kidonge mfukoni, akakitia mdomoni, akakisukuma kwa chai.

"Hicho ni cha nini, Nzito?"

"Cha damu."

"Na unakimeza hivyo siku zote?"

"Sasa nikimeze vipi? Nikitafune?"

Bibi Lishe aliweka mkoba wake juu ya kaunta. Hakuinua sauti. Alisema Chai Nzito si kitu kibaya, yeye mwenyewe anaipenda. Maziwa yale yana protini na yanajenga mifupa, sukari inampa mtu nguvu ya haraka, na kahawa ina kafeini inayomwamsha. Ndiyo maana inamsimamisha. Lakini damu haiijengi. Damu inataka madini ya chuma, na madini hayo ndiyo yaliyomo kwenye kidonge, kwenye maini na kwenye maharage.

"Majani ya chai yanayashika yakiwa tumboni, hayaingii mwilini. Kahawa nayo inayashika. Maziwa nayo yanazuia. Wewe umeweka walinzi watatu mlangoni, halafu kila siku unaalika mgeni na kushangaa kwamba hafiki."

Dada alicheka. "Bibi Lishe, unataka kunifilisi. Nikiacha kunywa mimi, nani ataamini chai yangu?"

"Sijasema uache milele. Nasema kidonge kimeze kwa maji ya limau au ya chungwa. Chakula nacho ukile kwa maji. Chai ikae mbali, saa moja, saa mbili. Na kwa hali uliyonayo, ipunguze sana, maana inaua njaa yako. Umeanza lini dawa?"

Dada akamwambia. Bibi Lishe alichukua kikombe chake, akakitazama, akakirudisha juu ya kaunta bila kukinywa, akapanda zake ngazi. Dada alisimama na kitambaa mkononi, akifuta mahali palipokuwa pakavu.

"Mama asijue," aliniambia bila kunitazama.

Lakini mama tunakaa naye nyumba moja, na asubuhi hakuna mahali pa kujificha. Kesho yake sahani ilikuwa mezani, kidonge juu yake, kikombe kando, mvuke unapanda. Dada akakaa.

"Mama, leo nipe maji."

"Maji? Umekuwa kuku?"

"Nasikia kiu tu."

"Kiu saa hizi, na baridi hii. Kunywa chai, mwanangu, dawa ishuke."

Dada akanitazama mimi, nami nikatazama dirisha. Angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa kudanganya kuhusu chakula. Ila nadhani aliona kwamba atalazimika kudanganya kila asubuhi, na hakuwa na nguvu za kutosha kwa kazi hiyo na nyingine zote.

"Mama, nimeambiwa chai inazuia dawa. Ndiyo sababu damu haipandi."

"Nani kasema?"

"Mtaalamu wa lishe."

"Chai hii hii?"

"Chai yoyote, Mama. Siyo yako."

Mama alikitazama kikombe. Ni mwanamke asiyekosa la kusema, kule kwenye geti la kiwanda madereva wa malori walimwogopa kwa ulimi wake. Alinyoosha mkono, akachukua kile kikombe, akakinywa chote kikiwa cha moto vile vile, kwa mafunda makubwa, macho yamemtoka. Kisha akaenda kukata limau.

Tangu asubuhi hiyo mama akageuka askari. Alikaa mbele ya dada mpaka maini yaishe. Chai hakuipika tena ndani ya nyumba ile, hata ya kwake.

Dada aliteseka. Kichwa kilimpasuka siku za kwanza, mikono ikatetemeka, na ule udhaifu wote uliokuwa umefunikwa na kahawa ukajitokeza. Sasa alionekana mgonjwa kama alivyokuwa. Alifanya kazi amekaa kwenye kreti ya soda. Na aliogopa kuonja. Nilimwambia tone la kiganjani haliwezi kumdhuru, Bibi Lishe naye akamwambia, lakini alikwisha ingiwa na hofu, akawa anapika kwa kukisia. Wateja wakaanza kukunja nyuso.

"Nzito, leo umetupa maji ya kuoshea sufuria?" karani mmoja wa ghorofa ya nne alimuuliza.

"Kesho nitakuletea na sufuria lenyewe ulilambe."

Walicheka, lakini kikombe alikiacha nusu. Mwenye kaunta, ambaye ana mkono wa birika kweli kweli, akaanza kupita na kunusa nusa. Ruhusa ya kupumzika hakutaka kuisikia. Alisema kama hawezi kazi aseme, wapo wanaoweza. Dada hakusema. Alihitaji kuwa na kazi ya kurudia akishapasuliwa, na alikuwa bado anaamini kwamba atapasuliwa.

Tuliporudi kwa daktari, damu ilikuwa imepanda.

Haikuwa imefika, lakini ilikuwa imepanda, na kwa kiasi ambacho kilimfanya daktari ainue kichwa kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Mnampa nini safari hii?" aliuliza.

"Maji ya limau," mama alisema.

Daktari alidhani anataniwa. Akasema tukiendelea hivyo, tukirudi mara nyingine atampangia siku ya upasuaji. Kwenye ngazi dada hakushika ukuta. Aliimba kidogo, ile sauti yake ya pili bila ya kwanza, watu wakageuka kututazama. Nilimshukuru Mungu pale pale barabarani, kwa sauti, sikujali.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Bibi Lishe alinipigia simu. Alisema njoo, na alivyolitamka nikaacha sindano kwenye kitambaa. Nilimkuta dada amelazwa kwenye sakafu ya ukumbi, miguu yake imeinuliwa juu ya ile kreti, mlinzi amemfunika na koti lake. Sketi nyeusi haikuficha chochote siku hiyo. Uvimbe ulikuwa umefungua bomba lake lote.

Hospitalini walisema lazima wampasue sasa hivi, wapende wasipende, na lazima apate damu kwanza. Benki ya damu haikuwa na ya kundi lake. Nikatoa mkono wangu, wakapima, kundi langu halikulingana na lake. Nililelewa naye kitanda kimoja, nikala naye sahani moja, na damu yangu haikumfaa. Mama walimkataa kwa umri kabla hajamaliza kukunja mkono wa gauni.

Ndipo nikaona watu wa lile jengo wanaingia. Karani wa ghorofa ya nne, mlinzi, wasichana wa mapokezi, Bibi Lishe akiwa mbele kama mwalimu wa zamu. Walikaa kwenye benchi, mikono imekunjuliwa. Waliolingana walipatikana, damu ikachukuliwa, na nikaanza kupumua.

Waliniruhusu kumwona kabla hawajamsukuma ndani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya karatasi. Nilianza kuomba, akanigusa mkono.

"Omba polepole," alisema. "Unawaamsha wagonjwa wa watu."

Nikaomba polepole. Akafumba macho, midomo yake ikanifuatisha. Akaniambia nimweleze atakayeshika kaunta kwamba tangawizi kavu iko chini ya sinki, asitumie ile ya kwenye kopo, imechacha. Kisha mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye korido. Jua lilisogea kutoka kwenye miguu yetu mpaka ukutani. Daktari alipotoka nilijua kabla hajasema, kwa sababu alitutazama usoni.

Alisema walijitahidi. Alisema damu waliyompa haikuwahi kuipita ile aliyokuwa anaipoteza, na mwili wake haukuwa na akiba, moyo ukasimama. Mimi nilikaa chini, sijui nilikaa wapi. Mama alibaki amesimama.

"Vile vidonge," mama alimwambia. "Angevimeza kwa maji tangu mwanzo, damu ingefika?"

"Mama, uvimbe ulikuwa mkubwa mno."

"Sijakuuliza uvimbe, baba."

Daktari alivua ile kofia ya kitambaa. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Angeweza kumdanganya, na sijui kama ningemlaumu.

"Huenda ingefika," alisema. "Tungempasua mapema."

"Asante kwa kunijibu."

Kisha akauliza kama anaweza kuingia kumwona mwanawe, wakamruhusu.

Tulimzika dada yangu kwa heshima, kwaya iliimba na sauti ya pili ilikuwa na pengo ambalo kila mtu alilisikia. Nimeandika haya kwa sababu ibadani tulisema tu kwamba aliugua, na yeye alikuwa zaidi ya ugonjwa. Alikuwa fundi. Alikuwa mcheshi. Alikufa damu yake ikiwa imeanza kupanda.

Mimi bado naamini. Lakini ninapojaribu kumshukuru Mungu kwa maisha yake, kama tulivyofundishwa, sauti haitoki. Nasimama kanisani nafungua mdomo pamoja na wengine.

Na mama ananiuliza maswali, maana mimi ndiye niliyefika sekondari. Juzi, tukichambua mchele, aliniuliza kama Mungu anamsamehe mtu aliyetenda bila kujua.

"Anasamehe, Mama."

"Anasamehe nini, kama sikukosa?"

Nikasema basi hukukosa.

"Kama sikukosa," alisema, "mbona Yeye aliyekuwa anajua alikaa ananitazama nikimimina?"

Nilisogeza ungo wangu karibu na wake, tukaendelea kuchambua.